Jiondoe Hapa

Mume wangu ana wiki ya kumi na tisa kaburini
na bado anauziwa matairi.

Naingia kisandukuni mwake kila Jumapili
baada ya kahawa ya pili,
kwa nywila niliyoikuta imeandikwa kwa penseli
nyuma ya kalenda ya kampuni ya umeme:
jina la mbwa, mwaka wa mbwa.
Nje, mto wa Oulu umeganda hadi darajani,
na mtoto wa Pirkko anaburuta kigari kisicho magurudumu
kama mtu aliyetumwa.

Elfu mbili mia nne na sita hazijasomwa.

Hodi hawapigi. Wanaingia na viatu.
Veikko, umeshinda. Veikko, bahati haingoji.
Veikko, magoti yanakuuma? Yalikuwa yanamuuma, ndiyo,
nani aliwaambia?
Benki ambayo hatukuwahi kuwa na senti ndani yake
inasema akaunti yetu imefungwa.
Mjane wa jenerali, wa nchi isiyotajwa,
anamwita mpendwa katika Mungu
na kumwomba namba ya pasipoti.
Huyo nilimjibu. Nilimwandikia:
mimi pia ni mjane, dada,
na wangu hakuwa jenerali.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe gani nitawapa hawa,
wasio na mikono,
wasiokula, wasiolala,
wasioona kwamba kiti ni kitupu?

Nafuta moja moja, kama aparaye samaki.
Outi alinielekeza kwa simu, kutoka Tampere,
namna ya kuzikamata zote kwa mkupuo.
Mama, ni sekunde moja tu.
Najua. Ndiyo maana sifanyi hivyo.
Katikati ya takataka hizi aliishi mtu:
hapa aliulizia bei ya jiko la sauna,
hapa alibishana na duka la ndoana juu ya senti themanini,
wiki mbili nzima, kwa adabu ya kutisha,
akashinda.

Wale wa matairi, chini kabisa,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
wameandika: Jiondoe hapa.
Nikabonyeza.
Mbona unatuacha? wakauliza,
wakanipa majibu ya kuchagua:
barua zimezidi; bidhaa hazinivutii;
sikumbuki kujiunga; sababu nyingine.
Nikachagua nyingine. Kikafunguka kijisanduku,
herufi mia mbili, si zaidi.
Nikaandika: amekufa
Zikabaki mia moja tisini na tatu.
Nikazitazama kwa muda mrefu.
Sikuwa na la kuzijazia.

Asante, wakasema. Maoni yako ni muhimu kwetu.

Jumatatu, saa moja na dakika mbili asubuhi:
Veikko, tumekukumbuka! Rudi nyumbani
upate punguzo la asilimia kumi na tano.

Nilicheka. Kisha nikakaa sakafuni kidogo,
karibu na bomba la joto.

Alikuwa fundi wa lifti, miaka thelathini na mmoja.
Siku moja, hospitalini, tukienda kuchukua majibu yake,
nilikuwa nakigandamiza kitufe cha kufunga mlango
kama ninayetaka kukitoboa.
Akaninong'oneza, asisikiwe na muuguzi:
hicho hakijaunganishwa na chochote, Helka.
Tunakiweka ili watu wapate pa kuweka kidole.
Nikamwambia, sasa unanieleza ili nifanye nini?
Akatazama namba zilizo juu ya mlango.
Endelea kubonyeza, akasema. Utajifunga kwa wakati wake.

Leo matairi tena. Ya kiangazi, mapema hivi,
barafu ingali inabeba gari.
Nashuka hadi chini, kwenye mayai ya chawa.
Naweka kidole.